Kipande Ambacho Hakimo Kitabuni

Nina wivu, na sitaki mtu anisaidie kuutafutia jina zuri. Yule mwanamke aliyeandika vile vitabu sita vya falme, vya malkia kipofu na joka linalolala chini ya milima, nilikaa naye dawati moja kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Yeye ni wa Malindi, ile ya huku huku milimani si ya pwani, mimi ni wa hapa hapa Lushoto, kwenye mteremko nyuma ya soko. Insha zangu ndizo zilizokuwa zikisomwa mbele ya darasa. Zake zilirudishwa na maneno ya wino mwekundu pembeni, kwamba zimezidi urefu. Leo urefu ule ule watu wanapanga foleni kuununua.

Na mimi niliandika. Riwaya moja, nyembamba, juu ya mwalimu wa shule ya msingi anayelea wadogo zake. Ilichapwa, ikakaa dukani mpaka jua likala rangi ya jalada. Vyake vilipokuwa vinatoka, cha kwanza, cha pili, cha tatu, mimi nilikuwa nasahihisha madaftari na kujiambia kwamba ni upepo tu, utapita. Kilipotoka cha nne niliacha kujiambia.

Vitabu vyenyewe ningevivumilia. Walionishinda ni wasomaji. Huku kwetu hakuna aliyevisoma akakaa kimya. Ukienda sokoni, muuza karoti atakueleza, kabla hujauliza bei, kwamba malkia alikosea kumwamini mdogo wake. Dalali wa kabichi anayeteremsha mizigo Mombo anashikilia kwamba cha tatu ndicho bora, na kwamba kuanzia cha nne mwandishi anavuta maneno. Fundi cherehani wa karibu na msikiti anasema huyo dalali hajui kusoma, cha tano ndicho kilichomliza yeye mtu mzima na mashine ikasimama. Mzee mmoja wa kanisa alitangaza kwamba mle ndani mna harufu ya uganga, na wiki hiyo hiyo alikuja kwangu kuuliza kama ninacho cha pili, eti anataka kuhakikisha. Maoni kila kona. Hata waliosema vibaya walisema kwa mapenzi, maana mtu hagombani saa nzima juu ya kitu asichokijali. Riwaya yangu haikuwahi kugombewa hata dakika moja.

Nje ningeweza kuziba masikio. Lakini vile vitabu viliingia ndani, mpaka kwa mama.

Mama ana miaka themanini na kitu. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na Kiswahili chake ni cha sokoni tu, nyumbani tunaongea Kishambaa. Riwaya yangu ilipotoka nilimsomea yote, nikitafsiri sentensi kwa sentensi, nikichagua maneno kama mtu anayechambua mchele wa harusi. Nilipofunga ukurasa wa mwisho nilisubiri. Akasema, "Hayo nayajua." Kisha akaomba maji ya kunywa. Nikamletea.

Basi Alhamisi moja akarudi kutoka kwenye kikundi cha akina mama cha usharika amenuna. Wenzake wote walikuwa wanaongea habari za malkia, wenye macho wakiwasomea wasio nayo, na yeye amekaa pale kama mgeni. "Una mtoto mwalimu halafu hujui hata joka liko wapi!" ndivyo walivyomwambia. "Nisomee," akaniamuru. "Kuanzia mwanzo."

Nilimsomea, kila alasiri nikitoka shule. Viwili vya kwanza nilivisoma kwa uaminifu, na ilikuwa adhabu. Mama aliinama mbele asipitwe na neno. Alijipiga paja. Alicheka. Hakuomba maji. Kwa kinywa changu mwenyewe nilikuwa nachukua maneno ya yule mwanamke, nayatia katika lugha ya mama yangu, halafu natazama usoni mwa mama yangu kitu nilichokingoja maisha yangu yote kikimwendea mwingine. Roho iliniuma mpaka nikawa nasoma huku nimekunja uso, najua haoni.

Kwenye cha tatu nikaanza kuiba. Pambano la watu wawili lililochukua kurasa kumi na mbili nililimaliza kwa kusema, "Wakapigana, mmoja akafa."

"Nani?" mama akauliza.

"Yule mrefu."

"Leo mwandishi amechoka," akasema.

Lo, nilifurahi! Nikaendelea. Mna wimbo wa wajane mle ndani, watu wanaujua kwa moyo, nimewasikia wasichana wakiuimba wanapochota maji. Niliuruka wote. Pale mwandishi alipopaka rangi, mimi nilipangusa. Nilijua ninafanya ubaya, na nilikuwa naufanya kwa makini kuliko kazi yoyote niliyowahi kulipwa.

Lakini mama alianza kusinzia. Kichwa kinaanguka, mimi nabaki peke yangu na kitabu, na hapo nikagundua kwamba nimekosa vyote viwili, ushindi na masikio ya mama. Ili asilale nikaanza kuongeza. Nililiwekea lango kuu mlinzi mzee mwenye kikohozi, ambaye kila adui akikaribia anakohoa kabla hajapiga tarumbeta. Nikamtia mpishi wa jeshi anayeficha chumvi. Mama akaamka. Alimpenda yule mzee, akawa ananiuliza hali yake kabla ya hali ya malkia.

Tulipofika cha sita palikuwa na vita vikubwa, jeshi linavuka bonde, mikuki kurasa arobaini. Nilikuwa nimechoka na nina madaftari ya darasa zima ya kusahihisha. Nikafunga kitabu nimeweka kidole ndani, nikamwambia mama kwamba chini ya bonde lile palikuwa na mwanamke mmoja ambaye siku ile ilikuwa zamu yake ya maji.

Huku milimani mfereji mmoja unalisha mashamba mengi, na kila nyumba ina siku yake. Ukiikosa unangoja mpaka zamu ikuzungukie tena, na mboga hazijui kungoja. Basi yule mwanamke, nikasema, alitoka asubuhi na jembe begani, akakuta farasi wa jemadari wamesimama mferejini wanakunywa. Akamwambia jemadari, "Leo ni siku yangu." Jemadari akacheka, akamwuliza kama haoni kwamba kuna vita. Akajibu anaviona, vilianza kabla mama yake hajaolewa, na maharage yalikuwa yakimwagiliwa vile vile. Akainama, akaondoa mawe, akafungua maji. Yakapita katikati ya miguu ya farasi. Jeshi zima likasimama kwenye mteremko, likamsubiri mpaka tuta la mwisho likalowana.

Mama alilia. Hakujifuta.

"Huyu anajua," akasema. "Huyu mwanamke wa Malindi amekaa na watu."

Nikamwuliza, "Si unayajua hayo, mama?"

"Ndiyo maana nalia. Mungu ampe maisha marefu huyo mwandishi."

Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba nikiuma kidole. Miaka yote nilimwonea wivu kwa aliyoyaandika. Sasa nikamwonea wivu kwa niliyoyatunga mimi, na hilo sikuwa na mtu wa kumweleza. Ningemwambia mama kwamba ni langu, ingebidi nimwambie na mengine yote.

Alhamisi iliyofuata mama alikisimulia kile kipande kwenye kikundi, akijua ametoa dhahabu. Wakamshangaa. Nesi mmoja mstaafu, ambaye amesoma vyote sita mara mbili na ndiye anayeamua nani yuko sahihi, akamwambia kwa upole, "Mama, hicho hakimo."

"Mnaruka kurasa!" mama akasema.

Pakawaka moto. Walirudi nyumbani wakapekua, wasione. Popote pengine wangesema bibi amechanganyikiwa. Huku kwetu, ambako tumezoea kwamba kilicho bora kinapelekwa mjini na kilichobaki ndicho kinapandishwa mlimani, walikata shauri mara moja. Wakasema sisi tumeuziwa kitabu pungufu, na mtoto wa bibi amepata kile kamili. Nesi alikuja mwenyewe kukiazima. "Mwalimu, siku mbili tu." Nikasema nimekiazimisha. Walikuja wengine, nikasema hivyo hivyo. Kwenye kundi la wasomaji la simu habari ilienea kwamba liko toleo lenye mwanamke wa mfereji, na yule dalali wa kabichi akaapa kwamba ameliona Mombo kwa macho yake. Kabla wiki haijaisha watu walikuwa wanabishana sokoni kama yule mwanamke alifanya haki kuzuia jeshi. Muuza karoti alisema alifanya. Fundi cherehani alisema ni ukaidi, na kwamba maharage yanaweza kupandwa tena. Nilisimama pale na kikapu changu nikiwasikiliza. Hatimaye kazi yangu ilikuwa inagombewa, na kila aliyeigombea alitaja jina la mwanamke wa Malindi.

Naye yakamfikia. Alikuwa amekuja Malindi kwenye harusi ya ndugu yake, wakamwuliza huko huko kwa nini Washambaa wenzake wameuziwa kitabu kisicho kamili. Jumamosi mchana akabisha hodi kwangu.

Alikuwa amenenepa kidogo, inampendeza. Na hilo nililiona. "Mwenzangu," akasema, akanikumbatia, kisha akapita ndani akapiga goti mbele ya mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani huyo?"

Nilimwambia. Mama alimshika mikono yote miwili asiiachie. Nikamimina chai, nikaweka magimbi mezani. Mama hakumpa nafasi hata ya kuonja. Akamsimulia kile kipande chote kwa Kishambaa, neno kwa neno nilivyokisema, akimaliza na tuta la mwisho.

Mgeni mwanzoni alikuwa anacheka. Katikati aliacha. Mama alipomaliza, alichukua kitabu cha sita pale mezani, akakifungua, akakifunga.

"Sikuandika hicho, mama."

"Usione haya. Umeandika."

"Sikuandika. Ningekuwa nimekiandika ningekumbuka."

Ningeweza kujikausha. Ningeweza kusema labda nilichanganya na kitabu kingine. Lakini mama alikuwa amegeuza uso upande wangu, na sikutaka kumwachia mwingine kile kipande, si yule wala kitabu kisichokuwapo.

"Ni changu, mama," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi. Nilikitunga pale pale nimekaa."

Nilidhani atafurahi. Akakunja uso. "Kwa hiyo miezi yote hii unanidanganya. Yule mzee wa lango mwenye kikohozi?"

"Wangu."

"Malkia alipomtambua mdogo wake kwa pumzi zake?"

"Cha huyu."

"Hicho ni kizuri sana," akamwambia mgeni, na mimi nikameza mate. "Mpishi wa chumvi?"

"Wangu."

"Na wimbo wa wajane? Wenzangu wanauimba, mimi siujui."

"Ni wa huyu. Niliuruka."

"Uliuruka," akasema mama, taratibu. "Mimi nilidhani nililala. Nimekuwa nikijiambia uzee umefika, sasa nasinzia mpaka na nyimbo zinanipita."

Nilitazama sakafu. Wivu wangu nilidhani unamla yule mwanamke, kumbe ulikuwa unamla mama.

Mama akakohoa, akakaa sawa kama mtu anayetoa hukumu ya shamba. "Tutarudia kuanzia cha tatu. Utanisomea chote alichoandika, na wimbo. Ukitaka kuongeza chako, ongeza, lakini useme kwanza kwamba ni chako." Kisha akamgeukia mgeni, bado amemshika mkono. "Vita vyako ni vizuri, mwanangu. Joka ni zuri. Lakini ukifika mahali pa watu wanaolima na kula, mwulize huyu."

"Ndiyo, mama," akasema yule mwanamke.

Alikunywa chai yake iliyopoa yote kwa mara moja, akasema atachelewa gari la Malindi. Gari la Malindi lilikuwa bado na muda mrefu tu kabla ya kuondoka. Nikatoka kumsindikiza. Tulishuka hatua kadhaa, yeye akivuta majani ya ua wa watu na kuyatupa.

"Unavyo vingine?" akauliza, bila kunitazama, kwa sauti nyepesi mno. "Vya namna ile?"

"Vingi," nikasema. Sikuwa nacho hata kimoja.

Akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri, vizuri sana, na taya lake likakakamaa. Nilimtazama kwa pembeni nikaona kitu ambacho miaka yote nilidhani ni mali yangu peke yangu. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kiasi kwamba sikuishia kwenye kona tunapoishia na wageni, nilimsindikiza mpaka kituoni, nikasimama naye hadi gari likaja, nikimbebea mkoba.