Udongo Aliotafuta Aloo Mwanza

Zadok alipoandika barua ya tatu ya kumtaka mkewe ahamie Mwanza, au walau aje auone mji kwanza, Aloo hakujibu. Aliwaacha watoto kwa mama yake, akafunga nguo zake kwenye kitenge, akapanda gari mpaka Musoma, na kutoka hapo akapanda meli. Ilikuwa Septemba 1961. Watu wote melini walikuwa wakizungumza habari za Uhuru, nani atapata cheo gani, nani atafukuzwa. Aloo alikaa juu ya furushi lake akiwaza udongo.

Alikuwa mfinyanzi. Kijijini kwao, karibu na Shirati, hakuna nyumba iliyokosa mtungi wake, na mingine ilivuka mpaka kwenda kuuzwa Kenya. Udongo aliuchimba kando ya kijito, umbali wa kupiga kelele kutoka mlangoni kwake, mahali alipoonyeshwa na bibi yake akiwa bado msichana. Aliujua udongo ule kama mtu anavyomjua ng'ombe wake: siku za mvua unafanyaje, siku za jua unafanyaje. Zadok alikuwa na miaka minne Mwanza, bandarini, na sasa alikuwa mnyapara wa makuli wanaopakia pamba. Katika barua zote tatu alieleza shule, hospitali na umeme. Habari ya udongo hakuigusa hata mara moja.

Kwa hiyo Aloo aliposhuka na kumkuta mumewe akimngoja na shati jeupe, hakuzunguka.

"Baba Roza, hapa udongo wa kufinyanga unapatikana wapi?"

Zadok akacheka na kutazama huku na huku kama kuna aliyesikia. "Mama Roza, hata salamu hakuna?"

"Nimekusalimu. Udongo uko wapi?"

"Wewe tulia kwanza uone mji."

Akamwonyesha mji siku mbili nzima. Stesheni ya reli, maghala ya pamba, maduka ya Wahindi yenye vitambaa mpaka darini, shule ambayo Roza angesoma, kanisa ambalo wangesali. Kila mahali Zadok alikuwa na mtu wa kumsalimia, na kila mtu aliambiwa, "Huyu ndiye mama watoto, amekuja." Aloo alitabasamu na kutazama chini. Aliona mawe. Mji ule ulikaa juu ya mawe, nyumba zimebanwa kati ya mawe, wanawake wameanika dagaa juu ya mawe. Palipokuwa na udongo, ulikuwa mchanga wa mawe yaliyokwisha kusagika.

Walifikia katika chumba cha Zadok, nyumbani kwa mjane mmoja aitwaye Mwanvua, mtu mzima ambaye baba yake alitoka Tabora na mama yake Ukerewe, na yeye mwenyewe hakuwahi kuishi kwingine ila Mwanza. Mwanvua alimpokea Aloo vizuri, akampikia sato, akampa na kanga ya kujifunga. Siku ya tatu Aloo alisimama uani akipima kwa macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama?"

"Salama. Mama, nikihamia hapa, vyungu vyangu naweza kuvichomea hapa uani?"

"Kuchoma kwa mkaa?"

"Kwa nyasi na mavi makavu ya ng'ombe. Moto wa saa nzima, labda mbili."

Mwanvua akaweka chini ungo wake. "Mwanangu, mimi nakupenda. Lakini ukiwasha moto huo hapa, majirani watakuja na ndoo za maji, na nyuma yao polisi."

Siku hiyohiyo Aloo alianza kutafuta mwenyewe. Alikwenda Mkuyuni kwa miguu. Sokoni alikuta wanauza sufuria zimepangwa kwa ukubwa, zinang'aa, na pembeni kabisa mwanamke mmoja na vyungu vitatu vyenye vumbi. Alipouliza vinatoka wapi, mwenye vyungu akasema Nyegezi. Jirani yake akasema si kweli, vinatoka Ukerewe. Wakaanza kubishana wao kwa wao, wakamsahau.

Kesho yake akapanda basi la Nyegezi. Mzee mmoja akampeleka kwenye udongo mweusi wa bondeni, akiusifia njia nzima. Aloo akaukanda kwa maji ya kibuyu, akatengeneza kamba nyembamba, akaizungusha kwenye kidole. Ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika tena.

"Lakini ni udongo mzuri sana," mzee akasema, "hata mpunga unakubali."

"Mimi silimi mpunga, baba."

Akaonyeshwa mwingine mwekundu. Akauweka ulimini, ukamkwaruza meno kama changarawe. Akarudi mjini miguu imepasuka, hana jibu. Zadok alimkuta ameloweka miguu kwenye beseni.

"Unajitesa bure," alisema. "Sufuria zipo. Hapa hakuna anayepikia chungu tena."

"Kwa hiyo mimi hapa nitakuwa nani?"

"Utakuwa mke wangu."

"Hilo hata kule ninalo."

Zadok akavua viatu, akavigonga ukutani kutoa vumbi.

Mwanamke mmoja aliyekaa naye kwenye basi la Nyegezi ndiye aliyemwambia ajaribu Mkolani, mbele zaidi. Alifika asubuhi, akauliza nyumba tatu, na nyumba ya nne wakamwonyesha njia inayoshuka nyuma ya migomba. Chini kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo mwanamke wa makamo akijaza kikapu. Aloo alipoona rangi ya ukuta wa shimo, kijivu cha kuelekea bluu, alishuka mbio. Alisalimia, akaokota donge lililoanguka kando, akalikanda, akalitoa kamba, akaizungusha kwenye kidole mara tatu. Haikukatika.

"Weka chini," mwanamke akasema. Jina lake Getruda. Alikuwa Msukuma wa palepale, na shimo lilikuwa la ukoo wa mumewe.

Aloo akaweka. Akajieleza: ametoka Shirati, mumewe yuko bandarini, anatazama kama anaweza kuhamia. Getruda alimsikiliza bila kuacha kuchimba.

"Mimi siwezi kusema ndiyo," alisema mwishoni. "Nenda kwa mwanangwa."

Mwanangwa, yule kiongozi wa kijiji, aliitwa Shimba. Aloo alimngoja mpaka saa nane. Shimba alimsikiliza kwa adabu, akamwagizia uji, kisha akasema mgeni kutoka wilaya nyingine ni jambo la karatasi. Alete karatasi kutoka mjini.

Kesho yake Aloo alipanga foleni katika ofisi moja ya mjini tangu mlango ulipofunguliwa. Karani alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Sida yako nini?" akamwuliza, akimwigiza, kwa sababu Aloo alikuwa amemsalimia "sikamoo" kama wanavyotamka kwao. Watu wawili nyuma wakacheka.

Aloo akaeleza tangu mwanzo. Karani akafungua daftari, akalifunga.

"Mama, subiri Uhuru. Hii Desemba tu hapa. Baada ya Uhuru mambo yote yataandikwa upya."

"Udongo nao unasubiri Uhuru?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na safari hii hawakumcheka yeye. Karani akakunja uso, akaita, "Anayefuata!"

Aloo alitembea kurudi nyumbani akiongea peke yake kwa Kijaluo. Mwanvua alikuwa uani akichambua mchele, akamwona alivyovimba, akamvutia kigoda.

"Pole, mwanangu. Usiwe na haraka. Mkishahamia mwezi ujao, utakuwa na siku nyingi za kuzunguka na karatasi zako."

"Mwezi ujao? Nani amesema tunahamia mwezi ujao?"

Mwanvua akaacha kuchambua. "Si mume wako? Amenilipia hata chumba cha pili. Akasema nyumba yenu kule ameshampa mdogo wake, Okwach, na ameanza kuhamisha vitu."

Aloo alikaa pale kwenye kigoda mpaka Zadok aliporudi kazini, jua bado liko juu ya ziwa. Hakumpa hata maji ya kunawa.

"Uliniita nije kuangalia nini, Baba Roza?"

Zadok akamtazama Mwanvua. Mwanvua akainuka, akaingia ndani na ungo wake.

"Nilidhani," Zadok akasema, "ukishauona mji utaupenda mwenyewe."

"Na nisipoupenda?"

"Ungeupenda."

"Nimetembea Mkuyuni, Nyegezi, Mkolani. Nimechekwa ofisini kwa ajili ya ulimi wangu. Nyayo zangu zimepasuka. Na siku zote hizo ulijua shemeji yangu analala kitandani kwangu!"

"Nilitaka tuwe pamoja. Miaka minne nakula kwa wauza chakula. Ni kosa?"

"Kutaka si kosa. Kunizungusha ndiyo kosa."

Aloo aliona kwamba kweli Zadok alikuwa amekonda, jambo ambalo hakuliona siku ya kwanza, na hilo likamwongezea hasira badala ya kuipunguza.

Asubuhi akarudi Mkolani. Getruda alikuwa nyumbani kwake akikanda.

"Karatasi umepata?"

"Sijapata na sitapata. Mama, nipe udongo wa chungu kimoja. Nitakifinyanga hapa mbele yako. Nataka kujua tu kama huu udongo utanikubali. Meli yangu ni wiki ijayo, sitakusumbua tena."

Getruda akafikiri, akasukuma donge kwa mguu. Aloo akapiga magoti. Alisaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, akachanganya, akaanza kujenga kwa kamba za udongo, moja juu ya nyingine, akilainisha kwa kipande cha kibuyu. Getruda yeye alikuwa na namna yake, ya kuvuta chungu kutoka donge moja, na alikuwa akimtazama Aloo pembeni kama mtu anayemwona mwenzake akila kwa mkono wa kushoto.

"Unachelewa hivyo," alisema.

"Chako kina ukuta mnene," Aloo akasema.

Mchana chungu kilipokamilika, Getruda akakibeba mwenyewe kwenda kivulini.

Kilikauka siku tano. Siku mbili kabla ya meli, Getruda alichoma vyake tisa, akakiweka na cha Aloo katikati. Moto ulipokufa wakafukua majivu kwa fimbo. Vile tisa vilitoka vizima. Cha Aloo kilikuwa na ufa kutoka mdomoni mpaka tumboni.

Aloo alikishika, akakigeuza, akakigonga kwa kucha. Mlio ulikuwa wa kitu kilichokufa. Alisikia machozi yanakuja, akayazuia, maana hakutaka kulia mbele ya mtu asiyemjua.

"Vigae havitoshi," Getruda akasema. "Huu wetu unataka mchanga wa ziwani. Laini. Kwa kila vikapu vitatu, kimoja cha mchanga."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unatazama ukuta wa chungu changu."

Aloo alimtazama, akashindwa kujua acheke au akasirike. Mwisho akauliza mchanga wenyewe unachotwa upande gani.

Jioni hiyo alimpa Zadok jibu. "Mjini sihami. Nikihama, nitahamia Mkolani."

"Mkolani!" Zadok akasimama. "Maili sita, ndani ya migomba! Mimi nimetoka kijijini, halafu mke wangu aniletee kijiji?"

"Ndiyo. Na Okwach atoke nyumbani kwangu."

Okwach hakutoka upesi. Aloo aliporudi kijijini alimkuta amefuga kuku ndani ya kibanda chake cha kukaushia vyungu, na kuku wametagia ndani ya mitungi. Mkewe Okwach alisema wamepewa nyumba na mwenyewe. Vikao vya ukoo vilikaa mara nne, na kila kikao kilimaliza chai bila kumaliza neno. Siku ya Uhuru, watoto wakiimba shuleni na ngoma zikisikika ng'ambo ya kijito, Aloo alikuwa anasugua mavi ya kuku sakafuni, kwani Okwach alikuwa ameondoka jana yake, kwa barua ndefu ya Zadok ya kuomba radhi kwa kila mtu isipokuwa Aloo.

Zadok alikubali kwa shingo upande, wakahamia Mkolani Machi 1962, nyumba ya kijijini ikafungwa, ufunguo akabaki nao mama yake. Aloo alikwenda kwa Shimba akiwa na maneno yote tayari kichwani, kuhusu karatasi ambayo bado hakuwa nayo. Shimba akamwambia achimbe tu, Getruda ameshasema. Alipouliza kuhusu karatasi, Shimba alishangaa, akasema hakumbuki kuitaka. Aloo alirudi nyumbani akiwa amepata alichotaka, na hasira ya kutosha siku mbili.

Zadok alinunua baiskeli. Alikwenda bandarini alfajiri na kurudi jioni, na kila jioni alieleza urefu wa njia kana kwamba mkewe hajawahi kuitembea kwa miguu. Aloo alimsikiliza akichanganya mchanga. Mara ya kwanza alichoma vyungu vinane, vikapasuka vitatu. Alikwenda kumwuliza Getruda, na Getruda akamwambia mchanga aliochota ni wa upande wa mashariki wa ghuba, wakati unaotakiwa ni wa magharibi.

"Uliniambia ziwani tu," Aloo akasema.

"Ziwa ni kubwa," Getruda akajibu, akaendelea kukanda.

Aloo akachukua kikapu chake, akashuka ziwani upande wa magharibi.