Mstari Usiosubiri Mwingine

Saa mbili na nusu asubuhi, mlezi amesimama mlangoni mwa bafu, taulo begani, simu mfukoni mwa aproni. Ndoo ya maji ya moto inatoa mvuke. Bibi anayepaswa kuogeshwa ameng'ang'ania ukingo wa kitanda kana kwamba anahamishwa nyumba.

"Siogi."

"Bibi yangu, maji yana joto zuri."

"Basi oga wewe."

Mlezi anacheka kichovu, anaifunika ndoo, anatoa simu. Hadi wiki iliyopita, neno hilo moja la bibi lingemkwamisha siku nzima. Leo anagusa mstari mwingine kwenye orodha ya kazi iliyomo simuni na kwenda jikoni kukoroga uji.

Bibi humwita Chapchap, kwa kejeli tu, maana hajawahi kumwona akikimbia. Mlezi ana miaka thelathini na tisa, miguu inayovimba kila jioni, na binti wa miaka sita anayeshinda kwa jirani. Theluthi ya mshahara wake huishia kwenye nauli. Hutoka nyumbani mtoto amelala, hurudi mtoto amelala.

"Mwanangu namjua kwa usingizi," anasema. "Juzi kang'oka jino, nimeonyeshwa na jirani."

Bosi wake ni binti mkubwa wa bibi, mhasibu mjini. Ndiye aliyeweka programu ya orodha ya kazi kwenye simu zao mbili: mlezi akiweka tiki huku, bosi anaona kule. Tena alizipanga kazi zifuatane, ya pili isionekane mpaka ya kwanza ipate tiki. Kuogesha, uji, dawa, kufua, mazoezi ya miguu, na nyingine nyuma yake, mpaka mstari wa mwisho kabisa: kuondoka.

Sasa mpange bibi huyu kwenye foleni uone! Akigoma kuoga, uji umefungwa. Uji ukifungwa, dawa nayo imefungwa. Nguo ziko kwenye karai, jua linawaka bure, na mtu mzima amekaa anabembeleza.

"Kuna siku niliweka tiki ya kuoga kabla hajaoga, ili dawa ifunguke," anasema mlezi. "Jioni bibi akamtambia mwanawe: 'Leo nimegoma na nimeshinda!' Weee! Nilitamani ardhi ipasuke."

Bosi hakumfukuza, ila alimnunia siku kadhaa. Tangu hapo mlezi haweki tiki kwenye jambo lisilofanyika, hata iweje.

Na bosi si mtu mbaya. Kwa simu, anaeleza kwamba mlezi aliyetangulia alimpa bibi dawa ya sukari tumbo tupu, bibi akaanguka jikoni. "Nikiwa ofisini bado namwona mama pale sakafuni," anasema. "Nilidhani kazi zikifungwa mnyororo, na mimi nitapumua."

Jumapili mlezi alijikaza akamweleza. Chakula kabla ya dawa, hilo halina mjadala, lifungwe hata kwa minyororo miwili. Lakini nguo hazijali kama bibi ameoga. Hizo nyingine ziachwe huru, kila moja ifanyike inapowezekana. Bosi akakubali wajaribu, akaahidi kwamba siku kazi zikiisha mapema, naye atawahi kurudi ampokee. Bibi haachwi peke yake, kwa hiyo bila ahadi hiyo mabadiliko yote yalikuwa kazi bure.

"Nimemwambia mwanangu leo tunakula pamoja," anasema mlezi.

Kumbe uhuru nao unachosha. Zamani aliona mstari mmoja. Sasa mistari yote imemkodolea macho kwa mpigo. "Unachoka kabla hujainama," anasema.

Hata hivyo zinakwenda. Uji, kisha dawa. Nguo ziko kambani jua lingali kali. Miguu inanyooshwa, bibi analalamika. Saa nane bibi mwenyewe anahisi joto na kuuliza kama yule mtu wa maji bado yupo. Anaogeshwa bila ugomvi.

Saa tisa orodha imeisha. Mlezi anakaa kitini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mkoba mapajani, akisubiri.

Simu inalia. Bosi hayuko njiani. Ni mistari mitatu mipya: kupiga pasi mapazia, kusafisha friji, kupanga kabati la vyombo. Chini yake ameandika: "Hongera dada, umemaliza mapema! Basi kwa kuwa una nafasi…"

Mlezi anausoma ujumbe kwa sauti, kisha anautua mkoba chini.

"Shukrani ya punda mateke," anasema bibi. "Na punda mwenyewe nimemzaa mimi." Anamshauri aweke tiki tu, nani atajua? Mlezi anatikisa kichwa. Moto huo ulishamuunguza.

Bosi anaulizwa kwa simu kuhusu ahadi yake. "Nilisahau," anasema. "Huku na mimi kila nikimaliza naongezewa. Nimeona nafasi, nikaijaza." Naye anasikika amechoka.

Giza linaingia mlezi akiwa kwenye pazia la tatu. Jirani anapiga simu; ni mtoto.

"Mama, nikusubiri kula?"

"Kula, mwanangu. Kula ulale."

Anaiweka pasi kando, anafuta uso kwa aproni. Kisha anaifungua orodha. Hajawahi kuandika chochote humo. Siku zote amekuwa wa kusoma na kuweka tiki. Anaandika kwa kidole kimoja, taratibu: *Saa kumi na moja jioni, kwenda kwa mwanangu.* Programu inauliza kama kazi hiyo isubiri nyingine. Anabonyeza hapana.

"Kesho bosi ataukuta mstari huo humo toka asubuhi, kabla hajafikiria mapazia," anasema.

Na akiufuta?

"Nitauandika tena," anasema, akiligeuza pazia upande wa pili. "Akiufuta na huo, atafute mtu mwingine wa kumwogesha mama yake."