Balozi Elinihaki, uliyegawa shamba kwa msaragambo

Jamani, bado nakataa! Jumapili tu tumeongea kwenye simu, Balozi Elinihaki akanicheka eti sauti yangu imezeeka. Leo naambiwa hayupo.

Vijana mnaonifuata humu, huyu alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, bondeni Same, enzi za ujamaa. Mpare wa milimani, Mlutheri wa benchi la mbele. Mimi nilitoka kwenye mkonge, nimetembea Tanga, Mombasa hadi Ndola, na darasa langu la nne linawashinda wenye digrii. Lakini kwake nilikuwa mwanafunzi.

Baragumu likilia alfajiri, huo ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu, tukalime shamba la kijiji. Yeye mbele, kaptula imepasuka nyuma, nami namtania:

"Balozi, chama kinaonekana!"

"Angalia mstari wako, Bwana Ndola."

Maji ya mfereji yalikuja kwa zamu. Alimwagilia kwanza shamba la wote. Mahindi yake yakakauka, mkewe akanuna wiki nzima.

Tulianza kwa nyimbo. Baadaye watu wakawa wanaleta jembe, nguvu wameacha nyumbani. Wakubwa wa chama wakaacha kuja. Magugu yakatupita kiuno.

Hili sijawahi kulisema. Wa kwanza kuchomeka vigingi na kujikatia kipande cha shamba la wote, tena kando ya mfereji, ni mimi. Kimyakimya kama mwizi. Kesho yake wengine sita wakaniiga.

Balozi hakunishtaki. Alipiga baragumu. Tukaja tukijua leo tunatukanwa.

Akasema, "Tulilima kwa msaragambo, tutagawana kwa msaragambo. Ndugu yangu, shika kamba."

Mimi! Mbele ya kijiji kizima. Ncha nyingine akashika mwenyewe.

Tulipima hadi jua la utosini. Vipande vya mfereji akawapa wajane, hata kile changu. Yeye akachukua kwenye magadi, pasipoota hata bamia. Machozi yakamtoka, akasingizia vumbi. Siku hiyo ndiyo chama kilikufa kwetu, redioni kiliendelea kuimbwa.

Hakunisema, hata mara moja. Nami sikuomba radhi. Miaka yote hii nilimletea utani, nikidhani unatosha. Hautoshi.

Balozi, wanao wamenipigia, wanataka niwe kwenye kuchimba kaburi. Nakuja, na mgongo huu huu mbovu.

Shamba lilikuwa letu, nikalifanya langu. Nisamehe, Balozi. Sasa pumzika, ndugu yangu, ulale salama.