Fundi wa Waifai

Fundi wa waifai hukohoa kabla ya kugusa chochote, kama mtu anayepiga hodi. Kila waya huupuliza, hata ukiwa mpya, halafu hufuta vidole kwenye paja la suruali, mahali palipokwisha kung'aa. Mdomo wake haujui kupumzika. Ndivyo Rael, mke wa mzee mwenye boma, alivyomwona siku ya harusi ya binti yao Mourine, huko ng'ambo, video ilipokwama kwenye televisheni ya sebuleni. Kisanduku cha waifai kilikuwa kimepigiliwa ukutani kwa Byron, kijana wao mwenye nyumba yake pale langoni, na nguvu yake haikufika nyumba kubwa.

"Basi Baba, twende tutazamie kwa Byron," fundi alimwambia mzee.

"Mwiko! Mjaluo gani huingia nyumba ya mwanawe?" Rael alimfokea. "Kwani wewe ulilelewa dukani?"

Mzee alikuwa ameshainamisha kichwa, kama aliyeambiwa harusi imekwisha. Fundi akakohoa. Akaibeba televisheni mpaka kwa Byron, akaisimamisha mlangoni ikitazama nje. Mzee akaketi uani kwenye kigoda, akamwona Mourine akiingia kanisani. Fundi alibaki ndani, nyuma ya televisheni, akiishikilia isianguke. Harusi yote yeye aliisikia tu.