Chombo cha Kunasa Mnong'ono

Baba aliposhuka kwenye basi la kutoka Takaba alinisalimia, nami sikusikia kitu. Niliona midomo ikicheza tu. Mama, aliyekuwa nyuma yake na chupa ya chai mkononi, ndiye aliyenieleza kwamba ananiuliza habari za nyumbani. Mtu ambaye ngamia wake waliitambua sauti yake kutoka ng'ambo ya bonde sasa alihitaji mkalimani ili amsalimu bintiye. Nilicheka ili nisilie, nikabeba mizigo, tukaenda kwangu Galbet.

Kooni mlikuwa na uvimbe, na daktari hakuzunguka. Wiki hiyo mpasuaji kutoka Nairobi angefika katika hospitali kubwa hapa Garissa. Angeondoa kisanduku chote cha sauti. Baba angepumua kwa tundu shingoni, na Mungu akijalia angeishi, lakini hangesema tena. Baba akatazama sakafu akasema inshallah. Kwetu inshallah hubeba mengi, na mwenye haraka huichukua kwa upande anaoutaka. Mimi nilikuwa na haraka. Shangazi aliponipigia kuuliza kama nimemuuliza mzee mwenyewe vizuri, nilimjibu kwamba mgonjwa haulizwi uji.

Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa kisu. Mimi ni mtu wa redio. Nimerekodi machifu, wauza mbuzi, wanasiasa wanaoahidi visima, na hata mzee mmoja wa Ijara aliyemtukana mwandishi na bado tukamrusha hewani. Baba yangu mzazi sikuwa naye popote. Sikuwa na hata salamu yake moja. Nilihisi kama mtu ambaye nyumba inaungua naye bado anatafuta ndoo.

Nilianza na simu, kama kila mtu siku hizi. Nikamsogezea mdomoni, akanong'ona kwa muda mrefu, macho yakiwa mbali, huku Mama akitikisa kichwa kukubali. Niliposikiliza, nilikuta kimya, kisha kikohozi, kisha kimya tena. Fundi wetu wa mitambo alinieleza kwamba simu imefundishwa kuondoa kelele, na sauti iliyobaki ya Baba haikuwa na mlio, ilikuwa pumzi tu, basi simu ikaihesabu kuwa upepo na kuifuta. Nilimkasirikia fundi kana kwamba ni yeye aliyeifuta.

Kesho yake niliazima kinasa sauti cha ofisini, kile ambacho kila mwandishi amekiangusha angalau mara moja. Hicho kilimsikia, ila kilikuwa na mvumo wake chenyewe, na ule mvumo ulimshinda Baba. Nikanunua sokoni maikrofoni ndogo ya kubana nguoni. Nilichopata ni shali yake ikijisugua kifuani, kama mtu anayefagia. Kila jioni nilikuja na kifaa kipya, nikakifunga, nikakifungua, nikalaani waliokitengeneza. Baba alikaa mkekani akinitazama kwa upole, akigeuza shingo kila nilipomwambia ageuze.

Nilijua sasa ninachotaka. Chombo kinachotumia betri za kawaida, maana umeme wetu una tabia zake. Chombo kilicho kimya ndani yake, ambacho kiwango cha sauti unapandisha kwa kidole chako, si chenyewe kijiamulie. Na maikrofoni inayoweza kukaa karibu na mdomo bila kuuogopa. Rafiki wa Nairobi alizunguka maduka hadi akakipata na kukituma kwa basi. Kilifika Baba akiwa tayari amelazwa, kesho yake ni siku ya kupasuliwa. Nilikikumbatia pale kwenye ofisi ya mizigo mbele za watu, na sikuona haya.

Wodini feni ilikuwa ikizunguka juu yetu, na katika visikizi vyangu ilinguruma kama lori. Nikasimama katikati ya wale wanaume waliolala na joto lao, sijui niombe vipi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyefungwa mguu, alinitoa kwenye dhiki. "Abaayo, dada yangu, funga feni," akasema kwa lafudhi ya Kisomali. "Mzee aongee, sisi tunafumilia." Wengine wakaitikia. Feni ikanyamaza, jasho likaanza.

Nikapandisha kiwango hadi mwisho, na Baba akaja. Nilimsikia ndani ya kichwa changu, karibu kuliko alivyowahi kuwa, na mate akiyameza na kila neno likipanda kwa taabu. Kwetu mzazi humwita mtoto kwa jina lilelile analoitwa yeye, basi aliniita aabo, yaani baba, na machozi yakanitoka bila ruhusa. Alisimulia kisima alichochimba na ndugu zake, na mvua ya mwaka niliozaliwa. Akaniombea dua. Kisha akaashiria kwamba apumzike kidogo. Nikaacha chombo kikiendelea kwenye kabati la kando, kitaa chake chekundu kikiwaka, nikamwacha na Mama, nikatoka kumtafutia maji. Niliporudi alisema imetosha, nami nikawasha feni.

Asubuhi walimpeleka. Kabla kitanda hakijaingia mlangoni alinishika kidole, akakiachia. Mama nami tukaketi kwenye benchi la korido. Mikono yangu ilitaka kazi, nikavaa visikizi nihakikishe kwamba kila kitu kimo. Kisima kilikuwemo, mvua ilikuwemo, dua ilikuwemo. Kisha nikasikia viatu vyangu vikitoka, na Baba akinong'ona, si kwangu.

"Mimi sitaki kukatwa. Nikifa, nataka niitamke shahada kwa sauti yangu."

"Basi mwambie," Mama akasema.

"Nitamwambiaje? Umeona alivyohangaika na hivi vidude vyake. Kila siku analeta kingine. Nikikataa leo nitamvunja moyo. Mwache."

Nilikimbia. Sikumbuki kuinuka, nakumbuka kiganja changu kikigonga ule mlango na muuguzi akiufungua kidogo, barakoa usoni. Nilimwambia wasimame, baba yangu hataki. Aliniangalia kwa huruma ya mtu aliyewaona wengi wakichanganyikiwa pale. Akasema mzee ameshalazwa usingizi, daktari ameshaanza, niende nikamwombee. Mlango ukafungwa. Nilibaki nao usoni, visikizi vimening'inia shingoni, waya wake umechomoka, na ile sauti ndogo nimeiacha benchini pamoja na chombo.

Niliporudi, Mama alikuwa bado benchini. Alikuwa amekishika kile chombo mapajani kwa mikono miwili, na kile kitaa chake chekundu kilikuwa kinawaka.

"Sauti yake imeingia?" aliniuliza.

"Imeingia, hooyo."

"Yote?"

"Yote."

Alishusha shungi lake hadi machoni, akanisogezea nafasi kwenye benchi.