Redio Ndogo Shingoni mwa Mama

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Mvua ilikuwa inanyesha Likasi nzima, na kengele ikalia jikoni.

Jana ulikuja na karatasi zako za chuo ukaniuliza, kama kijana anavyomuuliza shangazi yake: "Tantine, nichague moduli gani ya redio kwa kifaa changu cha kuvaliwa? Nataka betri ikae muda mrefu." Ulishangaa nilipokuambia urudi leo. Sikukasirika. Jibu lenyewe ndilo refu, na halina furaha. Basi kaa nikwambie.

Nilikuwa kijana bado, natengeneza redio na simu za watu, na nilikuwa najua kazi yangu. Baba alikuwa amefariki. Tulibaki watatu ndani ya lupango wetu, ua wa nyumba yetu: Mama, Yaya Kalala aliyenitangulia kuzaliwa, na miye. Ndipo akili ya Mama ikaanza kupotea. Alianza na majina yetu, kisha chumvi, kisha saa za kula. Mwishoni akaanza kutoka nyumbani. Alikuwa anafunga kikwembe chake, kitenge kizuri, na kwenda stesheni ya treni.

Sababu ya stesheni tuliijua. Nilipokuwa mtoto, sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai tuliambiwa turudi kwetu, ijapokuwa wengi tulizaliwa hapa hapa. Tulilala stesheni pamoja na umati wa watu tukingoja treni, na mdogo wetu wa mwisho akaugua na kufa hapo kabla treni haijafika. Fujo ilipopoa tulirudi nyumbani. Mama hakuzungumza habari hiyo tena. Halafu, uzeeni, ukimuuliza anakwenda wapi, anakujibu kwa upole kabisa: "Treni iko nakuya. Mutoto ananingojea kule."

Yaya alinibembeleza: "Weye unajua mambo ya redio. Fanya kitu."

Nikaanza na moduli ya simu, kile kipande kidogo kinachotumia laini kama simu ya kawaida. Yaya aliipenda, maana ingeweza kutuma ujumbe hata akiwa mbali. Lakini moduli ile ina kiu, mwanangu. Kila inapotafuta rezo, yaani mtandao wa simu, inakunywa betri, na rezo ikiwa dhaifu inakunywa zaidi. Asubuhi betri imejaa, mchana imekufa, na umeme wa kuichaji unakuja unapotaka wenyewe. Tena betri yake ilikuwa kubwa kama kipande cha sabuni. Mama hakukubali kuvaa. Siku moja tuliikuta ndani ya sufuria ya maharagwe.

Basi nikachagua redio ndogo. Inalala, inaamka kidogo, inaita, inalala tena. Betri yake ni kama kifungo cha shati na inakaa miezi. Jikoni niliweka kipokezi: kisipoisikia, kengele inalia. Umbali wake ulikuwa kama kutoka nyumbani hadi pembe ya avenyu, barabara ya mtaa wetu, si zaidi. Niliitia ndani ya kisanduku chepesi, nikakivisha uzi, na Mama akakivaa pamoja na rozari yake. Alikipenda. Alikuwa anakishika wakati wa kusali.

Yaya hakuridhika. "Akipita pembe, je?"

"Tutakimbia stesheni," nikamwambia. "Anakwenda huko tu."

Na ilikuwa kweli. Kengele ikilia, tunakimbia, tunamkuta ameketi anatazama reli. Tunamshika mkono, tunarudi naye. Ilikwenda hivyo mpaka tukazoea.

Siku ile ya mvua kengele ililia na tukakimbia vilevile, miye bila viatu. Stesheni hakuwapo. Tuliuliza walinzi, tukauliza wachuuzi waliojikinga mvua chini ya mabati. Hakuna aliyemuona. Tukarudi hadi pembe ya avenyu, kwa Mama Régine, jirani yetu anayekaanga mikate. Kabla ya kile kisanduku, mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akimzuia Mama. Alikuwa anamkalisha, anampa mkate wa moto, anatuma mtu atuite.

Yaya akamuuliza: "Mama hakupita hapa?"

"Alipita, ndiyo. Alienda upande ule, wa barabara ya Kambove."

"Na ukamuacha?"

Mwanamke yule aliweka kijiko chini. "Nilimuona na kasanduku ku shingo. Nikawaza muko munajua kwenye iko."

Alidhani kisanduku kinatuambia Mama yuko wapi. Avenyu nzima ilikuwa imetulia kwa sababu ya kifaa changu. Watu waliokuwa macho ya Mama walipumzika, wakidhani kisanduku kinaona. Hakikuwa kinaona. Kilikuwa kinaita tu, na sauti yake haikufika mbali.

Tulitafuta mpaka miguu ikakataa. Siku zilizofuata, parokia ilitafuta pamoja nasi. Wauza makala, yaani mkaa, ndio waliomkuta, kando ya njia ya porini, amejikunja kama mtu aliyelala. Nilipokifungua kisanduku, redio ilikuwa bado inafanya kazi.

Baada ya mazishi Yaya aliniambia mbele ya watu: "Ungemuachia ile ya simu, Mama angekuwa hai."

Nilikwenda peke yangu pale alipokutwa, na simu mkononi. Hapakuwa na rezo hata kidogo. Nilirudi nikamwambia Yaya. Akanitazama, akasema, "Na hiyo inanisaidia nini?" Akahamia Lubumbashi. Tunaonana kwenye misiba. Anasalimia watoto wangu, miye ananipita.

Kwa hiyo, mwanangu, usiniulize moduli gani ni bora. Kabla ya kusoma betri itakaa muda gani, mjue atakayekivaa. Pita mwenyewe njia anazopita, na zile ambazo hajawahi kupita. Angalia rezo inakufa wapi. Jiulize kifaa kikinyamaza, nani atasikia huo ukimya, na atakimbilia wapi. Kisha nenda kwa majirani, mlango kwa mlango, uwaambie: hiki hakilindi mtu, mlinzi bado ni wewe. Hilo hakuna karatasi ya chuo itakayokufundisha. Na hata ukifanya yote, inaweza kutokea umpoteze mtu wako. Sikufichi. Ikitokea hivyo, msigawane lawama ninyi mliobaki. Mkigawana, mnakuwa mmezika wawili.

Nenda sasa, ukafanye kazi yako. Mungu akupe mikono mizuri na moyo usiochoka kuuliza. Na akulindie nyumba yako, mwanangu, kuliko alivyonilindia miye yangu.