Breki Laini za Bwana Mita

Mume wangu hajawahi kukosea. Msinicheke, muulizeni mwenyewe. Mteja akirudisha baiskeli kwa sababu mnyororo umechomoka nusu saa baada ya kutengenezwa, aliyekosea ni mteja, au barabara, au kiwanda kilichoutengeneza huo mnyororo. Mimi nikimwambia ameacha mlango wazi na kuku wa jirani wameingia jikoni, waliokosea ni kuku. Mtaa mzima unamwita Sikosei, na yeye huitika kwa furaha, anadhani ni cheo.

Kaka yake aliwahi kunieleza kwamba tabia hiyo haikuanza ukubwani. Akiwa na miaka saba alivunja dirisha la mwalimu aliyekuwa jirani yao. Akakutwa chini ya dirisha lile lile, jiwe la pili likiwa bado mkononi, na akasema si yeye. Kaka mtu, ambaye alikuwa na miaka kumi na tatu, aliona mambo hayo hayataisha leo wala kesho, akasema, "Ni mimi." Akachapwa yeye. "Nikawa namsubiri aje aniambie tu, kaka, nilikosea," shemeji aliniambia huku akicheka. "Mpaka leo nasubiri."

Huyo shemeji yangu ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake. Mtaani anaitwa Bwana Mita, kwa kuwa kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akisoma mita za maji nyumba hadi nyumba. Alijua geti lipi lina mbwa wa kweli na lipi lina mbwa wa maandishi tu. Alifunua kifuniko cha chuma, akapiga magoti, akafuta kioo kwa kidole gumba, akaandika namba kwenye daftari na kuondoka kabla hujamaliza kumlalamikia kuhusu maji, ambayo si yeye aliyeyakata. Yote hayo aliyafanya kwa baiskeli moja kuukuu ya mlimani, yenye matairi manene, ambayo rangi ilibaki kwenye maungio tu. Ofisini kwao msoma mita asiyeweza kuzunguka hana kazi. Hawakuwa na kiti chake mle ndani. Na shemeji hakuwahi kukitaka kiti. Alisema akikaa kitako siku nzima ataoza.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu na stendi ya baiskeli ya mume wangu viko kibaraza kimoja, yeye upande wa barabara na mimi upande wa mlango, ili grisi yake na vitambaa vya watu visikutane. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuambiwa. Niliyaona kwa macho yangu, pini zikiwa mdomoni.

Mwaka ule vijana waliingiwa na wazimu mpya. Kila mwenye baiskeli ya zamani ya mlimani alitaka ing'olewe usukani wake ulionyooka, iwekewe ule wa mashindano uliopinda kwenda chini. Usukani wa pembe, ndivyo walivyouita. Mume wangu mwanzoni aliwacheka, akasema wanamvalisha punda suti. Kisha akaanza kuwafungia mmoja baada ya mwingine, na haikupita muda akawa ndiye mjuzi, kila mtu anaelekezwa kwake. Alinieleza bila kuulizwa kwamba fremu ya mlimani ni ndefu, kwa hiyo usipofupisha shingo ya usukani mwendeshaji atalala juu ya baiskeli kama nguo iliyoanikwa. Lakini kazi kubwa, alisema, ni breki. Mikono ya breki ya usukani wa pembe huvuta waya kidogo, na breki za baiskeli ya mlimani zinataka waya uvutwe sana. Ukiviunganisha hivi hivi unapata breki laini, raha tupu kubonyeza, ila mkono unagota kwenye usukani kabla baiskeli haijasimama. Dawa yake ni kigurudumu kidogo kinachopitishwa waya ili uvutike zaidi. Alikifunga kwa kila kijana. Aliyesema hakitaki aliambiwa achukue baiskeli yake aende.

Asubuhi moja shemeji akaja, akaiegemeza baiskeli kwenye nguzo.

"Mdogo wangu, nifungie na mimi hizo pembe."

"Wewe? Kwa umri huo? Unataka kushindana na nani, na mbwa wa mtaa wa juu?"

"Hao nilishawashinda zamani." Akakaa kwenye benchi, akawa anajisugua kiganja cha kulia kwa cha kushoto. "Viganja vinanisumbua. Huu usukani unanishikisha mahali pamoja tu. Naona hawa vijana wanashika juu, wanashika pembeni, wanashika chini. Nikichoka huku nahamia kule."

Mume wangu alifanya kazi ile siku mbili, anapiga mluzi. Alichukua mabaki ya sponji kwangu akayazungushia usukani, juu yake akavuta utepe, akaubonyeza bonyeza kuhakikisha ni mlaini. Shemeji akapanda, akaenda mpaka mwisho wa mtaa, akarudi amejikunja kama wale wanaoonyeshwa kwenye runinga, akafunga breki mbele yetu, ikasimama tuli.

"Shemeji, umerudi nyuma miaka thelathini!" nikamwambia.

"Bado kumi, nianze kukutongoza."

Tulicheka hadi mume wangu akanuna. Siku ile naikumbuka sana, kwa sababu ilikuwa ya mwisho kucheka hivyo.

Baada ya wiki tatu alirudi akasema breki ni nzito. Mume wangu ana kipimo chake: breki ambayo kidole cha mwisho hakiwezi kuifunga, hiyo si breki. Akabonyeza kwa kidole cha mwisho, ikafunga. "Mbona laini?"

"Kwako," shemeji akajibu.

Akabadilishiwa waya. Wiki iliyofuata ikawa nzito tena. Akatiwa mafuta. Ikawa nzito. Ndipo mume wangu akafanya kile alichowafukuzia vijana: akakitoa kile kigurudumu, ili mkono wa breki uwe laini kuliko wote aliowahi kufunga. Na ili usigote kabla ya kusimamisha, akazisogeza raba za breki hadi karibu kabisa na rimu. Nafasi aliipima kwa kipande cha karatasi yangu ya kukatia mitindo. Karatasi ikipita kwa taabu, hapo ndipo. Sasa rimu iliyo karibu na raba namna hiyo haitakiwi kuyumba hata unywele, la sivyo inakwaruza. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi shemeji alipita, baiskeli ikapandishwa kwenye stendi, spoki zikakazwa na kulegezwa mpaka gurudumu linyooke, karatasi ikapitishwa.

Ijumaa mojawapo, mume wangu ameinamia spoki, shemeji alisogea upande wangu akashusha sauti.

"Shemeji, hivi vifungo vya shati, huwezi kunitolea ukaniwekea vile vya kubonyeza?"

"Kwa nini?"

"Fasheni."

Mtu aliyevaa shati la namna moja miaka ishirini na miwili ananiambia fasheni. Nilimtazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa mezani pangu, juu ya kitambaa. Pale kati ya kidole gumba na kile cha pili, mahali ambapo kila mtu ana nyama, pake palikuwa pamebonyea, ngozi imelala bure. Nilishtuka, lakini nikachukua shati. Niliyabadilishia vifungo mashati yake yote matatu ya kazi. Mwezi uliofuata vile vya kubonyeza navyo vikawa vigumu, nikaweka vya kunatana. Hapo sikuvumilia tena. Nilimfokea mbele ya wateja wangu kwamba ataenda hospitali, atake asitake.

Tulikwenda wote watatu. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia asukume vidole vyake, avute, abane karatasi asiiachie. Karatasi iliachia. Alitueleza kwamba mishipa inayopeleka amri kwenye misuli ya mikono inaharibika, na misuli isiyopata amri inanyauka. Dawa ya kuirudisha hana, wala hajui mwenye nayo. Mikono ndiyo imeanza. Mengine tutaendelea kuangalia. Neno lile, kuangalia, lilinichoma. Nilikwenda pale nikitafuta mtu wa kufanya kitu, nikapewa mwenzetu wa kuangalia.

Tulipofika kibarazani mume wangu akavaa aproni yake akasema, "Nitabadilisha waya wa nyuma." Nilitaka kumpigia kelele. Lakini ningesema nini, na mimi nilikuwa tayari nimeshakata kitambaa cha shati la nne, la kuvaliwa kichwani, lisilo na kifungo hata kimoja?

Ikawa hivyo miezi kadhaa. Mume wangu alipandisha mikono ya breki. Akaishusha. Akahamishia breki ya nyuma mkono wa kushoto, uliokuwa na nguvu kidogo. Shemeji kila Ijumaa alisema, "Imekuwa nzito kidogo." Daima baiskeli, kamwe si mkono. Na mume wangu alijibu ni vumbi, au ni mvua ya juzi, au ni hizi nyaya za siku hizi ambazo hazina maana. Nilishawahi kuichukia mno tabia yake ya kutafuta wa kumlaumu. Miezi ile niliishukuru. Shemeji alikuwa akisikia "ni vumbi" anaondoka ameinua kichwa, kwa sababu tangu utoto wao Sikosei akisema ni vumbi, basi bishaneni na vumbi.

Mtaa wetu unateremka hadi barabara kubwa, na sisi tuko karibu na mwisho wa mteremko. Ijumaa moja nilimwona shemeji akija kutoka juu. Niliona vidole vyake vikikunjika juu ya breki, vikafika nusu, vikabaki pale kana kwamba vimeshika yai. Baiskeli haikupunguza. Alitupita hapo hapo mbele yetu, na usoni hakuwa na hofu, alikuwa na aibu, kama mtu aliyekatiza sebule ya watu bila kubisha hodi. Akashusha miguu, soli zikaburuzika, akakata kona na kuingia kwenye lundo la mchanga la nyumba inayojengwa. Hatua sita mbele, kwenye barabara kubwa, lilipita lori.

Tulimkuta amekaa kwenye mchanga, kiwiko kimechubuka, daftari limefunguka. Hakuumia zaidi ya hapo. Mume wangu aliirudisha baiskeli kibarazani akaipandisha kwenye stendi. Akazungusha gurudumu la nyuma kwa nguvu, akanyoosha kidole cha mwisho, akabonyeza. Likasimama papo hapo. Akazungusha tena. Likasimama. La mbele, vivyo hivyo. Tulikuwa tumesimama watatu tunatazama breki nzuri kuliko zote mjini. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima. Waya ulikuwa wa juzi. Nikasubiri atafute kitu cha kulaumu, kwa sababu hajawahi kukikosa.

"Tatizo nini, fundi?" shemeji akauliza, anajipangusa mchanga.

Mume wangu aliinamisha uso.

"Ni mimi," akasema. "Nilikosea, kaka. Nilifunga vibaya."

Mkono wa shemeji ukasimama juu ya suruali. Alimtazama mdogo wake. Nadhani mpaka dakika ile alikuwa ameyaamini yale ya vumbi na waya, au nusu yake aliiamini. Neno lile alikuwa amelisubiri zaidi ya miaka arobaini, na alimjua ndugu yake vizuri. Alijua asingelitoa kwa sababu ya breki mbovu. Akauinua mkono wa kulia, akautazama kiganjani, akaugeuza akautazama nyuma.

"Ahaa," akasema taratibu.

Kisha akaniomba nimrudishie daftari begani, ndani ya mkoba. "Iache hapa baiskeli," akamwambia mdogo wake. "Itengeneze polepole. Sina haraka."

"Ijumaa itakuwa tayari."

"Usijihangaishe na Ijumaa."

Mume wangu akataka kumsindikiza. Shemeji akakataa, akasema miguu yake haijambo. Akapanda mteremko kwa miguu, na sisi tukabaki tunalia hadharani, mteja wangu mmoja akaona asirudie kuulizia gauni lake.

Eneo lake amepewa msoma mita mwingine, ambaye nasikia ameshaumwa na mbwa mara mbili. Shemeji huja Ijumaa kwa miguu, anakaa kwenye benchi, namshikia kikombe cha chai anywe. Baiskeli yake iko juu ya stendi. Mume wangu analizungusha gurudumu ambalo hakuna aliyelipinda, anakaza spoki, anapitisha kipande changu cha karatasi kati ya raba na rimu.

"Vipi, fundi?" shemeji humwuliza. "Tayari?"

"Bado, kaka," humjibu. "Kuna mahali nakosea."